Wageni watokao juu

Tumesoma vitabu vitatu vya mambo yasiyopata kutokea. Katika cha kwanza watu wanavuka Afrika kwa puto. Katika cha pili viumbe vya nyota ya Mars vinashuka Uingereza. Katika cha tatu Mwingereza anapelekwa huko Mars kwa nguvu. Wengine watauliza: Ya nini mtu mzima kumaliza mafuta ya taa kwa hadithi za uongo? Twajibu: Hadithi hizi hazimdanganyi mtu, kwani kila msomaji ajua kwamba zimetungwa. Lakini yafaa kuzipima. Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tutazame, katika kila kitabu, kama mwenyeji anapona.

Cha kwanza ni *Cinq semaines en ballon*, alichokitoa Jules Verne, Mfaransa, mwaka 1863. Daktari Fergusson na wenzake wawili wanaondoka Unguja, na baada ya majuma matano wanafika mto Senegal. Verne aeleza vizuri kazi ya puto: gesi ikipashwa moto linapanda, ikipoa linashuka. Hapo twamsifu. Lakini watu wa chini je? Huko Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wenyeji wanadhani puto ni mwezi na wasafiri ni wana wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapotokea. Mahali pengine kundi la nyani linadhaniwa kuwa watu weusi, na wasafiri wanafanya mzaha juu ya jambo hilo. Kumbe, Wanyamwezi walikuwa wachukuzi na wafanya biashara mashuhuri. Msiri, aliyetawala Katanga mpaka alipouawa mwaka 1891, alitoka pande hizo. Watu wa namna hii hawaujui mwezi? Verne aliwatazama kutoka juu mno. Hakusikia neno lao hata moja.

Cha pili ni *The War of the Worlds*, cha H. G. Wells, mwaka 1898. Hapa mambo yamegeuka. Wageni wa Mars wana mashine za miguu mitatu na moto unaounguza kutoka mbali, na watu wa London ndio wanaokimbia na mizigo yao. Wells anawakumbusha Waingereza wenzake namna wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na watu wa Ulaya. Twaona hilo ni neno la ushujaa. Mwishoni wageni wanauawa na vijidudu vidogo kabisa. Lakini hata hapa hakuna mazungumzo. Mgeni anaua, mwenyeji anakimbia, basi.

Cha tatu kimetushinda kwa uzuri: *Out of the Silent Planet*, cha C. S. Lewis, mwaka 1938. Ransom, mwalimu wa lugha, anakamatwa na watu wawili, Weston na Devine, na kupelekwa Mars. Kwa kuwa amesoma vitabu vya Wells, anaogopa kukuta majitu ya kutisha. Lakini anajifunza lugha ya wenyeji, anakula nao, anavua nao. Devine atafuta dhahabu tu. Yeye na mwenzake wanawaua wenyeji kwa bunduki. Walipoletwa mbele ya mtawala wa nchi, Weston anatikisa ushanga, akidhani watashangaa, wao wanacheka. Halafu anatoa hotuba kubwa juu ya maendeleo na haki ya wenye nguvu kutwaa nchi za wengine. Ransom aitafsiri kwa maneno manyofu ya kwao, na hotuba yote yaonekana kuwa wizi na mauaji. Sisi wa Kongo, tuliozoea hotuba na watafsiri wake, tutaelewa upesi.

Kitabu hiki kina kasoro: mwanzo wake waenda polepole, na majina ya Mars yachosha ulimi. Lakini kati ya hivyo vitatu, hiki peke yake chamwonyesha mgeni aliyetua chini, akakaa, akasikiliza.

Basi, wazazi, msiwanyang'anye watoto Verne. Atawafundisha kupenda elimu. Ila mkisoma nao, waulizeni: Watu wa Kazeh wangesimulia nini juu ya siku ile? Na kijana mwenye kipaji na aandike jibu lake. Hadithi hiyo twaingoja.