Filamu Inapoliacha Swali Lake: Ukuzaji wa Wazo katika Nairobi Half Life na The First Grader

Mtahiniwa akitakiwa kueleza maudhui ya ufisadi katika tamthilia, aghalabu huanza kuorodhesha: fulani alipokea hongo, fulani alinyakua ardhi, fulani alimwajiri mpwawe. Hoja zinafika kumi, alama zinapatikana na karatasi inakabidhiwa msimamizi. Lisiloulizwa ni iwapo tukio la saba limeongeza lolote juu ya yale sita yaliyotangulia, au limeyarudia tu kwa majina mengine. Makala haya yanadhamiria kulitazama suala hilo, lakini kwa kutumia filamu badala ya vitabu teule. Sababu ni nyepesi. Filamu hutazamwa kwa kikao kimoja, hivyo mwanafunzi huweza kuliona wazo likizaliwa, likikua au likidumaa kabla hajasahau lilikoanzia. Riwaya tunaifundisha kwa mihula mitatu. Tunapofikia sura ya mwisho, ya kwanza imekwisha kuyeyuka.

Ifahamike kwamba tunapotaja wazo hapa hatukusudii maudhui kwa ujumla. Umaskini ni maudhui. Kusema kuwa umaskini unatesa si wazo, kwani hilo kila mtazamaji huingia nalo ukumbini. Wazo ni swali ambalo kazi hulishika na kulisukuma mbele, na kila kitushi kipya hulibadilisha swali hilo kidogo, hata likifika mwisho liwe zito kuliko lilivyoanza. Kazi ikishindwa kufanya hivyo, huwa na mambo mawili ya kufanya: ama irudie ilichokwisha kusema, ama iliache swali gumu na kushika jepesi. Njia hii ya pili ndiyo hatari zaidi, maana mtazamaji hutokwa na machozi asigundue kuwa amebadilishiwa bidhaa.

Tuanze na filamu iliyofaulu. Nairobi Half Life, iliyoelekezwa na David Tosh Gitonga na kutolewa mwaka 2012, inamhusu Mwas, kijana wa mashambani anayetaka kuwa mwigizaji. Tunapokutana naye anauza diski za filamu kijijini, na namna yake ya kuuza ni kuziigiza filamu zenyewe mbele ya wateja. Tukio hili ni la kuchekesha, na wengi hulichukua kuwa utangulizi tu wa kumtambulisha mhusika. Walakini ndilo mbegu ya filamu nzima: Mwas anakula kwa kuigiza. Muda si mrefu kikundi cha waigizaji kinafika, naye anamwendea mmoja wao kumwomba msaada. Anadaiwa shilingi 1,000 ili apewe nafasi. Ana 500 pekee, zinachukuliwa, na anaambiwa azilete nyingine 500 Nairobi. Tazama jinsi mwandishi wa mswada alivyotuwekea kinaya mapema: mwizi wa kwanza tunayemwona katika filamu hii inayojaa wezi ni msanii.

Kutoka hapo swali linabadilika kila hatua. Siku ya kwanza jijini Mwas anaporwa kila kitu, pamoja na mali aliyopewa na binamuye aipeleke dukani, kisha anajikuta katika seli. Anaposafisha choo cha seli hiyo huku mahabusu wakimtazama, kinachomvusha ni kipaji kile kile cha kijijini. Hapa uigizaji si ndoto tena wala biashara, umekuwa ngao. Seli hiyo ndiyo inayomkutanisha na Oti, na Oti anamwingiza katika genge linaloiba vipuri vya magari. Ndani ya genge hana budi kuigiza ukali asio nao. Kisha, akiwa angali mwizi wa vipuri, anapata nafasi katika mchezo wa kuigiza wa kikundi cha Phoenix, na nafasi anayopewa ni ya mwizi.

Sidhani kuna mwalimu wa fasihi atakayelipita tukio hili bila kusimama. Mchana Mwas anaigiza mwizi mbele ya watu ambao hawajawahi kuibiwa ila na watu kama yeye. Usiku anaiba kweli, na huko nako anaigiza. Ni lipi kati ya hayo mawili lililo mchezo? Filamu haikumpa mhusika yeyote jukumu la kutusomea swali hili kwa sauti. Imeyaweka matukio mawili bega kwa bega ikatuachia. Na binamu anaporudi, akawa tayari kumsamehe deni iwapo ataiba gari fulani, ni Mwas mwenyewe anayelishawishi genge lipande daraja kutoka vipuri hadi magari mazima. Anafaulu kuwashawishi kwa sababu anajua kusema mbele ya watu. Kipaji tulichokishangilia kijijini ndicho kinachowapeleka wenzake kwenye mauti. Huku ndiko kukua kwa wazo: kitu kile kile, mikononi mwa mtu yule yule, kimegeuka maana mara nne au tano bila kuacha kuwa chenyewe.

Wapo wanaodai kuwa mwisho wa filamu ni wa kubahatisha, kwamba polisi wanaoliangamiza genge wanatokea tu ili hadithi ipate kufungwa. Dai hili halina mashiko. Polisi wale tumekwisha kuwaona wakila sahani moja na wahalifu. Kuuawa kwa genge ni hesabu ya ubia huo kufungwa na upande wenye bunduki. La muhimu zaidi ni kwamba Mwas, akiwa ametoka kushuhudia wenzake wakiuawa, anakwenda moja kwa moja jukwaani kusema maneno ya mwizi wa kubuni mbele ya hadhira iliyovaa vizuri. Hadhira ile ni sisi. Filamu inafunga palipo na uchungu na haitupi liwazo la kujua Mwas ataishije kesho.

Hata hivyo, filamu hii ina pengo, na pengo lenyewe ni Amina. Huyu ni mwanamke anayeuza mwili, mpenzi wa Oti wa mara kwa mara, ambaye Mwas anaanza kumpenda. Kama kuna mtu mwingine katika mji ule anayelazimika kuigiza kila siku ili ale, ni yeye. Kazi yake yote ni kujifanya. Swali la filamu lilikuwa lake kama lilivyokuwa la Mwas, na pengine lilikuwa lake zaidi. Lakini filamu inamtumia tu kama kipimo cha urafiki wa wanaume wawili. Mtahiniwa anayezoea kuandika kuwa mwanamke amesawiriwa kama chombo cha anasa anaweza kujifunza hapa kuikosoa kazi kwa kina zaidi: kosa haliko katika kumwonyesha Amina akiuza mwili, liko katika kumnyima wazo lililokuwa likimpita mlangoni.

The First Grader ni kisa kingine kabisa. Filamu hii iliyotolewa mwaka 2010 na kuelekezwa na Justin Chadwick inasimulia maisha ya Kimani Maruge, mkongwe aliyejiunga na darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka uliotangulia. Kisa hiki wengi wetu tunakijua. Maruge alifika hadi New York mwaka 2005 kuzungumza katika Umoja wa Mataifa, na alifariki mwaka 2009. Oliver Litondo aliyemwigiza hana mfano. Uso wake peke yake unabeba nusu ya filamu.

Na filamu inaanza vyema mno. Mzee ana barua kutoka ofisi ya serikali. Hajui kusoma, na hataki kusomewa; anataka aisome mwenyewe. Hili ni swali la kutosha kwa filamu tatu. Kusoma ni nini kwa mtu aliyepigania nchi ikamsahau? Je, barua ya serikali inaweza kumlipa mtu kwa lugha ambayo serikali hiyo haikumfundisha? Anakataliwa langoni, anarudi. Anaambiwa anahitaji sare, anaikata suruali yake iwe kaptura. Kila kizuizi kinatuongezea hamu ya kujua barua imesema nini, na taharuki hii ni ya haki, haikulazimishwa.

Kisha linakuja tukio la penseli. Darasani Maruge anaambiwa achonge penseli yake, naye anashindwa. Mbinu rejeshi inatupeleka kizuizini enzi za Mau Mau, ambako alichomwa sikioni kwa penseli iliyochongwa. Sijui tukio jingine katika filamu zenye mandhari ya Kenya linalobana wazo zito kiasi hicho katika kifaa cha shilingi chache. Chombo cha kusomea kilikuwa chombo cha mateso. Ili mzee huyu ajifunze kuandika, lazima ashike mkononi kile kile kilichomtesa. Mtazamaji anakaa mkao wa kusubiri: sasa filamu itafanya nini na penseli hii?

Haifanyi kitu. Penseli imekwisha kazi yake ya kutushtua na filamu inasonga. Kuanzia hapo swali linabadilishwa taratibu. Hatuulizi tena kusoma ni nini kwa mzee huyu. Tunauliza kama ataruhusiwa kubaki shuleni. Wazazi wanalalamika, wanahabari wanajaa, maafisa wanatisha, mwalimu Jane anahamishwa. Haya yote ni vitushi vyenye mwendo, lakini swali la pili lina majibu mawili tu, ndiyo au la, na kila mtazamaji anajua jibu tangu mwanzo. Ndiyo maana mgogoro unatatuliwa kwa njia ya kishujaa: Maruge anasafiri hadi Nairobi, anawaonyesha maafisa makovu yake, na mioyo inalainika. Makovu yamegeuzwa hoja ya kumrudisha mwalimu kazini. Wakati barua inaposomwa hatimaye, inatukuta tumekwisha kulia kwa jambo jingine.

Tusiseme kuwa waandaaji walikosa malighafi. Chuki za kikabila zinagusiwa katika filamu na kuachwa, ilhali Maruge halisi, aliyesomea Eldoret, alifurushwa makwao na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mtu aliyezuiliwa na mkoloni kwa ajili ya ardhi anaishi uzeeni katika hema la wakimbizi ndani ya nchi yake huru, akiwa mwanafunzi. Swali la barua lilikuwa likingoja hapo hapo. Filamu iliyotoka mwaka mmoja baada ya kifo chake ilichagua kutuacha na matumaini, na matumaini si kosa katika fasihi. Kosa ni kuyapata kwa kuacha jambo lililokuwa gumu.

Yamkini msomaji atauliza kama ubora huu wa filamu ya kwanza unatokana na ugumu wa mwisho wake. La. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotolewa mwaka 2018, ni filamu ya upole ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuitazama. Jo, msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona, anarudishwa nyumbani na mamake kuishi siku zilizosalia. Dadake Mwix anamfanya aamini kuwa ana nguvu za ajabu kama mashujaa wa filamu anazozipenda, na kijiji kizima kinashiriki udanganyifu huo. Nguvu ya filamu hii iko kwa mama, anayepinga. Si mama katili. Ana hoja: mtoto anayekufa anastahili ukweli na mapumziko. Kwa kuwa upande wa pili una akili, wazo haliwezi kulala. Kila furaha ya Jo inaulizwa bei yake. Linganisha na wazazi wanaompinga Maruge, ambao wamepewa kelele bila hoja, ingawa hoja ilikuwepo: madarasa yalikuwa yamefurika na dawati moja likikaliwa na watoto wengi. Mpinzani mjinga hudumaza wazo la mhusika mkuu kuliko hata mwandishi mvivu.

Kwa mtahiniwa, mtazamo huu una faida ya moja kwa moja. Chukua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Ni rahisi kuandika kuwa ugonjwa ni mojawapo ya maudhui, ukataja maradhi ya Sara na kuendelea. Ni afadhali kuuliza ugonjwa huo unawabadilishaje watu kadiri tamthilia inavyosonga: Yona, aliyekuwa na msimamo wake kuhusu kazi za mwanamume na za mwanamke, unamsukuma wapi? Neema, mzigo huu unamfunza nini juu ya ndoa yake? Jibu la namna hiyo lina hoja chache kuliko orodha, na kila moja inategemea iliyoitangulia. Mtahini huliona mara moja.

Tahadhari kwa mwalimu: Nairobi Half Life ina umwagaji damu, matusi ya Sheng na matukio ya chumbani. Si ya kufunguliwa tu mbele ya kidato cha kwanza siku ya Ijumaa kwa sababu umeme upo. Teua vipande, na uvitazame kwanza wewe mwenyewe. The First Grader nayo ina mateso ya kizuizini, lakini hufaa zaidi kwa zoezi ninalolipenda. Isimamishe filamu mara tu baada ya tukio la penseli, uzime runinga, na uwaambie wanafunzi waandike onyesho linalofuata. Nilipofanya hivyo na kidato cha tatu, wengi walimpeleka Maruge mahakamani au ikulu. Msichana mmoja aliandika kuwa mzee alimpa penseli mtoto aliyeketi kando yake amchongee, akafumba macho akisikiliza sauti ya wembe.