Mandhari kama Hoja: Uhakiki wa Majimbo na Miji katika Vichekesho vya Mfululizo vya Televisheni ya Marekani

1.0 Utangulizi

Swali la mahali vinapotukia vichekesho vya mfululizo vya televisheni ya Marekani huonekana, kwa mtazamo wa haraka, kuwa swali la kuhesabu. Mtafiti huchukua ramani ya majimbo 50, akaandika Seinfeld na Friends penye New York, Cheers penye Massachusetts, The Mary Tyler Moore Show penye Minnesota na Frasier penye Washington, kisha akatazama majimbo yaliyobaki matupu. Hesabu ya namna hiyo ina manufaa yake, kwani hudhihirisha jinsi utungaji ulivyoelemea miji mikubwa michache. Hata hivyo, hujengwa juu ya dhana kwamba jimbo likitajwa basi limo.

Uhakiki huu unaitilia shaka dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba mandhari huwa na uzito katika kichekesho pale yanapowazuia wahusika, kuwasukuma au kuwapangia bei ya matendo yao. Pasipokuwa na hayo, jimbo huwa limevikwa kilemba cha ukoka: limetajwa kwa heshima, ilhali halina kauli katika msuko.

2.0 Studio Moja, Miji Mingi

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatokana na utayarishaji. I Love Lucy, iliyoanza kuoneshwa mwaka 1951, iliwaweka wahusika wake katika nyumba ya kupanga jijini New York, lakini ilipigwa Hollywood kwa kamera tatu za filamu, mbele ya hadhira iliyoketi studioni. Utaratibu huo ulirithiwa na vichekesho vingi vilivyofuata. Friends, inayotukia Manhattan, ilipigwa Burbank, California. Baa ya Cheers ilijengwa studioni California, na Boston ikachangia hasa sura ya nje ya jengo. Kwa mantiki hiyo, mtu anaweza kudai kwamba vichekesho hivi vina mahali pamoja tu, yaani studio, na kwamba majina ya miji ni mapambo.

Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linachanganya mambo mawili. Mahali kamera iliposimama ni suala la utayarishaji. Mahali tendo linapopata maana ni suala la fani na maudhui. Jukwaa la tamthilia nalo si mji unaotajwa na wahusika, na bado hadhira huelewa kwamba mji huo unawabana. Linalopaswa kuulizwa ni hili: kisa kikihamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, ni kitu gani kitakachovunjika?

3.0 Kipimo cha Uhamisho

Historia ya televisheni yenyewe imekwisha kufanya jaribio hilo, kwa kuwa baadhi ya vichekesho mashuhuri vya Marekani vilitokana na vya Uingereza. Sanford and Son, iliyoanza mwaka 1972, ilitokana na Steptoe and Son, kisa cha baba na mwana wanaookota na kuuza vikorokoro London. Katika toleo la Marekani, baba na mwana ni Wamarekani Weusi, na yadi yao iko Watts, Los Angeles. Mwaka 1965, eneo hilo lilikuwa limekumbwa na machafuko makubwa yaliyochochewa na uhusiano mbaya kati ya polisi na wakazi. Hivyo, uhamisho haukubadili anwani peke yake. Yadi ya vitu chakavu ambayo London ilizungumzia tabaka, Watts ilianza kuzungumzia tabaka na rangi kwa pamoja. Polisi anapobisha hodi kwa akina Sanford, mzaha unabeba kumbukumbu ambayo kisa cha awali hakikuwa nayo.

The Office inatoa matokeo tofauti. Ofisi ya Slough, Uingereza, ilihamishiwa Scranton, Pennsylvania, mwaka 2005, na mhimili wa kisa ukasafiri bila kuvunjika: tawi dogo la kampuni ya karatasi, meneja anayetamani kupendwa, na hofu kwamba makao makuu yatafunga tawi. Scranton, mji uliokuzwa na uchimbaji wa makaa ya mawe na kisha kudorora, unafaa sana kwa hofu hiyo. Hata hivyo, kinachotenda kazi zaidi katika msuko ni uhusiano wa tawi na makao makuu, na uhusiano huo ungeweza kupatikana katika miji mingine mingi. Hili si kosa la kisanaa. Ni ushahidi kwamba jina halisi la mji linaweza kutumika kwa ufanisi bila mji wenyewe kuwa hoja.

4.0 Mandhari Yanaponyamaza

Kipimo cha uhamisho hakitoshi pale mandhari yanapofanya kazi kwa kuficha. The Andy Griffith Show (1960–1968) inatukia Mayberry, mji wa kubuni katika North Carolina. Mkuu wa polisi wa Mayberry kwa kawaida hatembei na bunduki, na migogoro mingi humalizwa kwa busara na subira. Miezi minane kabla ya kichekesho hicho kuanza kuoneshwa, wanafunzi wanne Weusi walikuwa wameketi kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu mjini Greensboro, katika jimbo hilohilo, na kukataa kuondoka. Mayberry haina kaunta ya namna hiyo. Wakazi Weusi huonekana kwa nadra, na ni nadra zaidi kwao kupewa maneno ya kusema.

Ukimya huo ndio unaoiwezesha amani ya Mayberry. Mkuu wa polisi asiyehitaji bunduki ni mhusika anayependeza; lakini katika North Carolina ya miaka hiyo, upole wake ungeaminika kwa kila mtazamaji kwa sharti kwamba wasiwepo watu ambao sheria haikuwatendea kwa upole. Kwa hiyo, North Carolina imo katika kichekesho hiki kwa lafudhi na desturi, lakini historia yake imeachwa nje ya mlango. Anayehesabu majimbo ataliwekea jimbo hilo alama, na alama hiyo itampotosha.

5.0 Kuhama kama Msuko

Upande wa pili unadhihirishwa na The Jeffersons (1975–1985). Familia hiyo ilitambulishwa kwanza katika All in the Family, ikiwa jirani Mweusi wa Archie Bunker mtaani Queens. Ilipopata kichekesho chake, ilihamia jengo la kifahari Manhattan. Zote mbili ni sehemu za jiji moja katika jimbo moja, hivyo ramani ya majimbo haioni badiliko lolote. Hata hivyo, kuvuka mto huo ndiko kunakozaa kisa: mafanikio ya biashara ya udobi, wasiwasi wa kukubaliwa, na swali la nani aliyeachwa nyuma.

Mfano wa karibuni ni Reservation Dogs (2021–2023), ambao huchanganya kichekesho na huzuni. Ulitungwa na kuongozwa na watu wa jamii za asili, na ulipigwa Oklahoma unakotukia. Vijana wake wanne wanaota kwenda California. Ndoto hiyo ina kejeli yake: wanatamani jimbo ambamo studio zake kwa miongo mingi ziliigiza majimbo mengine yote. Hapa mandhari yanawafunga vijana, yanawalea na kuwadai deni la wafu wao. Kisa hiki hakihamishiki.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha hali tatu: mandhari kama jina, mandhari kama ukimya, na mandhari kama hoja. Tofauti hizo zina athari, hasa kwa mtazamaji aliye mbali ambaye huijua Marekani kupitia sebule hizi. Akiiamini ramani ya majina, ataijua nchi ambayo Mayberry ni ukweli wake na Watts ni mzaha wake. Mhakiki hana budi kuanza na hesabu, kisha aulize mahali hapo pamemruhusu nani kusema, na pamemtoza nani gharama ya kicheko.