Kunusuru Seva ya Linux Iliyokwama Katikati ya Upandishaji wa Toleo

Upandishaji wa toleo la mfumo endeshi, yaani kazi ya kuitoa programu ya msingi ya kompyuta katika toleo la zamani na kuipeleka katika jipya bila kufuta data, una hatua mbili ambazo hatari zake hazilingani. Katika Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya familia ya Linux, kwanza hupakuliwa vifurushi, yaani mafungu ya faili za programu, kisha vifurushi hivyo hufunguliwa na kusanidiwa, yaani kuwekewa mipangilio ya kufanyia kazi. Intaneti ikikatika wakati wa kupakua, kama ilivyozorota nchini Tanzania tarehe 12 Mei 2024 baada ya mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom kukatika, mfumo wa zamani hubaki mzima. Lakini umeme ukikatika wakati wa kusanidi, kama ulivyokatika tarehe 1 Aprili mwaka huohuo Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, seva hubaki nusu ya zamani na nusu mpya. Katika ofisi za Dodoma jenereta pekee si kinga, kwa kuwa sekunde chache zinazopita kabla haijawaka zinatosha kuizima seva isiyo na betri ya akiba.

Mafundi wengi, kwa mazoea ya kompyuta za mezani ambako kila ugonjwa hutibiwa kwa "kupiga windo" upya, yaani kusakinisha upya Windows, hukimbilia kufuta diski yote. Hilo ni kosa, kwani dpkg, programu inayosimamia vifurushi, huandika katika faili ya /var/lib/dpkg/status hali ya kila kifurushi: kipi kimefunguliwa tu, kipi kimesanidiwa nusu na kipi kimekamilika. Mashine yenyewe, kwa hiyo, inajua ilipoishia, na uokoaji ni kuiwezesha kuendelea mbele kuanzia hapo.

Seva ikiwa bado inawaka, data hunakiliwa kwanza nje ya mashine, kisha nafasi ya diski hukaguliwa kwa amri ya df -h, maana sehemu ya /boot iliyojaa keneli za zamani, yaani viini vya mfumo vilivyoachwa na masasisho yaliyopita, hukwamisha kazi kwa namna inayofanana kabisa na uharibifu. Nafasi ikipatikana, dpkg --configure -a humalizia usanidi, apt --fix-broken install huziba mapengo ya vifurushi vinavyotegemeana, na apt full-upgrade hukamilisha yaliyosalia. Isipowaka, huwashwa kwa flashi yenye Ubuntu, diski yake huunganishwa pamoja na /boot, /dev, /proc na /sys, na kwa amri ya chroot fundi huingia ndani ya mfumo uliolala kana kwamba umeamka, akatoa amri zilezile, kisha akaongeza update-initramfs -u -k all na update-grub ili faili za kuwashia ziundwe upya.

Hifadhidata inahitaji tahadhari ya pekee. Ubuntu 22.04 huja na PostgreSQL 14 na 24.04 huja na PostgreSQL 16, lakini data haihamishwi yenyewe. Anayekubali haraka, programu ya upandishaji inapomuuliza, kuondoa vifurushi vilivyopitwa na wakati huondoa programu ileile inayoisoma data hiyo. Kwa wanaoendesha DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika Tanzania na unaotegemea PostgreSQL, jibu salama ni kukataa hadi amri ya pg_upgradecluster imalize kuihamisha data hiyo.

Si kila mkwamo unatokana na umeme. Toleo la 24.04.1 lilipotoka mwishoni mwa Agosti 2024, njia ya kupanda kutoka 22.04 ilifunguliwa kisha ikasitishwa kwa muda kutokana na hitilafu katika programu ya upandishaji yenyewe. Ubuntu 22.04 inaendelea kupata masasisho ya usalama bila malipo hadi 2027, kwa hiyo ofisi isiyo na betri ya akiba wala nakala ya data iliyojaribiwa haina sababu ya kuanza kazi hii leo.