Mzigo Karibu na Kifua

Kuli wa Kariakoo hakufundishwa fizikia. Akipewa kiroba cha mchele akitoe kwenye lori akifikishe dukani, hukileta begani au kichwani, kikae sawasawa na uti wa mgongo, ndipo aanze kutembea. Mwambie akibebe kwa mikono iliyonyooshwa mbele, atakuona mwendawazimu. Na mtaa wenyewe una jina la wabeba mizigo: hapa walipiga kambi wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka hivyo hivyo hadi likawa Kariakoo.

Niliwakumbuka makuli asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, katika mtaa mdogo unaotokea Msimbazi, nilipokuwa nikimtazama opereta wa eskaveta akishusha makalavati ya zege mtaroni. Eskaveta imeundwa kuchimba. Kunyanyua ni kazi ya winchi. Lakini saiti za mjini ni finyu, kukodi winchi ni gharama, na mashine iliyochimba mtaro iko pale pale. Basi mchimbaji anageuzwa mbebaji, na hapo opereta wa kweli anajulikana.

Huyu hakuanza na mashine. Alizunguka kwa miguu, akatazama nyaya za umeme juu, akaukanyaga kwa kisigino ukingo wa mtaro. Mchanga ukamegeka kidogo. Akapanda, akairudisha mashine nyuma hatua kadhaa, akashuka tena kupiga hesabu na msaidizi wake. Kalavati lina urefu wa mita 1, kipenyo cha ndani sentimita 90, ukuta wa sentimita 10. Zege ni kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Inakuja kilo 750 na ushee.

"Na mnyororo je, mzee?"

"Na mnyororo, mdogo wangu. Na kijiko pia, maana hatujakifungua."

Ndani ya kibanda kuna jedwali la kunyanyulia, ambalo waendeshaji wengi huligeuzia kisogo. Linaonyesha mashine inaweza kuinua kiasi gani kwa kila umbali na kila kimo. Kwa kanuni ya kimataifa, kinachoandikwa pale hakizidi asilimia 75 ya uzito unaotosha kuipindua mashine, wala asilimia 87 ya nguvu ya haidroliki yake. Akiba inayobaki ni ya mchanga unaodidimia na mzigo unaopepesuka. Opereta hana ruhusa ya kuila. Kilo zile zile, mkono ukizipeleka mbali maradufu, huivuta mashine maradufu. Na mkono ukielekea ubavuni, kukatisha minyororo ya miguu, mashine huwa nyepesi kupinduka kuliko ukielekea mbele. Kuli angeelewa bila jedwali.

Mnyororo ulifungwa kwenye tundu lililotengenezwa kwa kazi hiyo nyuma ya kijiko. Nimewahi kuona mahali pengine ukining'inizwa kwenye meno ya kijiko, na tumbo likanicheza.

Kisha kalavati likapanda shibiri moja na kusimama. Likaning'inia hivyo, opereta akilisikiliza. Hiyo shibiri moja ndiyo niliyoipenda kuliko yote: kama kuna kosa, lijitokeze hapo, mzigo ukiwa bado na pa kuangukia karibu. Ndipo akageuka polepole, mzigo ukipita chini chini, kijana mmoja akiuongoza kwa kamba ndefu ili asiukaribie.

Kariakoo kila mtu ni fundi. Muuza kahawa alielekeza, mwenye duka la vitenge alielekeza. Opereta alimtazama mtu mmoja tu, muongozaji wake, isipokuwa kwa neno moja: simama. Hilo akilitoa yeyote, hutiiwa. Na lilitolewa, pale mwenye guta alipojipenyeza kati ya ukuta na kisogo cha mashine, mahali ambapo chuma kikizunguka mtu hana pa kukimbilia. Opereta akashusha mzigo chini, akangoja, huku mwenye guta akirudishwa nyuma na kulalamika kwamba anacheleweshwa.

Jengo la ghorofa nne lilipoporomoka hapa hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, waokoaji walianza kwa nyundo na mikono mitupu. Katika kifusi, bamba moja la zege linaweza kuwa ndilo linaloshikilia jingine juu ya mtu aliye hai. Mashine inapoingia mahali kama hapo, shibiri ile moja ina uzito mwingine.

Kalavati la saba liligusa mchanga bila kishindo. Opereta akakilaza kijiko chini, akazima injini, akashuka. Ndipo akamwashiria mwenye guta apite.