Mshipa Husomwa Ukutani

Ugonjwa wa Takayasu huvimbisha kuta za aota na matawi yake makubwa, hasa kwa wanawake wasiofika miaka 40. Ukuta huvimba mapema. Kuziba huja baadaye. Kwa hiyo picha inayoonyesha njia ya damu peke yake huchelewa. Ndiyo kasoro ya angiografia ya kupitisha mpira mwembamba mshipani, na ndiyo maana mwongozo wa 2018 wa EULAR, muungano wa Ulaya wa wataalamu wa baridi yabisi, uliitanguliza MRI.

Kwa mgonjwa wa Mata, kule Taveta karibu na Ziwa Jipe, MRI ni safari ndefu. Lakini uchunguzi huanza na kipimo cha presha, kifungwe mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Namba ya juu ikipishana kwa zaidi ya 10, au mapigo ya mkono yasiposhikika, aende ultrasaundi.

Hapa pana uwezo tunaoupuuza mno. Mashine ile ile inayowapima wajawazito, ikiwekewa kichwa cha masafa ya juu, huuona ukuta wa ateri ya shingo milimita kwa milimita. Mafuta yaliyoganda hukaa upande mmoja, yamejaa vinundu, mara nyingi na chokaa. Takayasu huuzunguka mshipa wote kwa unene ulio sawa. Wataalamu huiita alama ya makaroni. Mpimaji asiishie kuandika kwamba damu inapita vizuri. Apime ukuta, aandike unene wake.

Aota ya kifuani hufichwa na mifupa na hewa ya mapafu, na hapo huitwa CT. Figo zipimwe kwanza kwa sababu ya dawa ya iodini. Kisha picha zipigwe mara mbili: za mwanzo huonyesha njia, za baadaye kidogo huonyesha ukuta ulionyonya dawa, ishara kwamba uvimbe ungali hai.

PET hutumia sukari yenye florini-18, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Ikisafirishwa saa tano na nusu kutoka Nairobi hadi Voi, itabaki sehemu moja ya nane. Mgonjwa ndiye apande treni kwenda Nairobi.

Kinachonihangaisha zaidi ni kifua kikuu. Nacho hushambulia aota, ingawa kwa kawaida hutoa kifuko upande mmoja, ilhali Takayasu hubana sehemu ndefu. Steroidi, dawa inayotuliza Takayasu, zikitolewa bila dawa za kifua kikuu humwongezea hatari mwenye kifua kikuu. Tena huufifisha uvimbe kabla haujapigwa picha. Basi makohozi, eksirei ya kifua na ultrasaundi ya shingo vitangulie kidonge cha kwanza, isipokuwa macho au ubongo viko hatarini. Hapo dawa haingoji picha.