Muamala Haujakamilika: Maoni ya Mtumiaji wa Kawaida na Lugha ya Programu za Kompyuta na Simu

Ikisiri

Mjadala kuhusu uswahilishaji wa programu umetawaliwa kwa muda mrefu na swali la istilahi: kompyuta au tarakilishi, kipanya au puku. Makala haya yanahoji kipaumbele hicho. Yakiongozwa na Nadharia ya Skopos, yanachambua vitenzi ambavyo watumiaji wa kawaida huvitumia kutoa maoni kuhusu programu na mtandao, kisha yanavilinganisha na lugha ya taarifa za hitilafu. Yanadai kwamba udhaifu mkubwa wa uswahilishaji umo katika sentensi kuliko katika majina ya vitu, hasa katika njeo na katika kumtaja au kutomtaja mtendaji, na kwamba udhaifu huo humgharimu mtumiaji fedha na haki.

1. Utangulizi

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wengi wa miji ya Afrika Mashariki walikutana na intaneti kwa mara ya kwanza katika intaneti kafe. Mawasiliano yalitegemea satelaiti, kwani nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Mteja alilipia muda, na karibu programu zote zilizungumza Kiingereza. Mhudumu ndiye aliyekuwa mkalimani. Aliyetaka kujua kwa nini ukurasa haufunguki ilhali dakika zake zinakwisha alimuuliza mhudumu, si mashine.

Juhudi za kuifanya mashine yenyewe izungumze Kiswahili zilishika kasi katika muongo huohuo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice. Microsoft nayo iliandaa sura ya Kiswahili ya Windows na Office, na mwaka 2009 Facebook ikapatikana kwa Kiswahili. Kazi hizo zilivunja dhana kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba maarifa ya kompyuta. Hata hivyo, mijadala iliyozifuata ilijikita katika uteuzi wa nomino. Mtumiaji alionekana kama mpokeaji wa istilahi, naye alipoendelea kusema *kusevu* badala ya *kuhifadhi* alihesabiwa kuwa mkaidi au mvivu. Ni mara chache alipoulizwa anaelewa nini anaposoma sentensi nzima kwenye kioo.

2. Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwishoni mwa miaka ya 1970, inashikilia kwamba tafsiri hupimwa kwa lengo linalokusudiwa kwa hadhira yake. Lengo la taarifa ya hitilafu ni kumwezesha mtu kuamua la kufanya: asubiri, arudie, au alalamike. Kwa kigezo hicho, taarifa yenye istilahi zote sanifu lakini inayomwacha msomaji asijue hatua inayofuata haijatimiza lengo lake.

3. Vitenzi vya Watumiaji

Katika maduka, benki na vibanda vya mawakala, maoni kuhusu teknolojia hutolewa zaidi kwa vitenzi. Mashine *imeganda*. Mtandao *unasumbua*. Sistimu *imegoma*. Mashine ya fedha *imemeza* kadi. Simu *inakula* chaji, na mtandao *umekula* pesa. Vitenzi hivi vyote ni vya Kiswahili cha kawaida, na ni rahisi kuvichukulia kuwa mizaha ya mitaani.

Uchunguzi wa karibu unaonyesha kwamba kila kimoja kina utambuzi wake wa tatizo. *Kuganda* hueleza hali: programu haiendi mbele wala nyuma, na kuendelea kubonyeza hakusaidii. *Kusumbua* hueleza tatizo linalokuja na kuondoka, hivyo huashiria kwamba kurudia kuna maana. *Kugoma* huipa mashine hiari ya mfanyakazi aliyekataa kazi. Humwambia mteja kwamba kosa si lake. *Kumeza* hutofautiana na *kula* kwa jambo la msingi: kilichomezwa bado kipo tumboni na kinaweza kutolewa, ilhali kilicholiwa kimekwisha. Anayesema kadi imemezwa anakwenda benki kuidai. Anayesema pesa imeliwa ameanza kukata tamaa.

Zaidi ya hayo, *kula* huhitaji mlaji. Katika matumizi ya muda mrefu ya Kiswahili, anayekula fedha ya mwenziwe anadaiwa. Mtumiaji anaposema mtandao umekula pesa yake, anatoa hukumu kuhusu uwajibikaji, hata kama hana istilahi za kisheria za kuieleza.

4. Taarifa Isiyo na Mtendaji

Lugha ya programu huelekea upande mwingine. Mfano wa kawaida ni sentensi ya aina hii: *Hitilafu imetokea. Tafadhali jaribu tena baadaye.* Nomino *hitilafu* ni teule na sanifu, na hakuna kamati inayoweza kuikosoa. Lakini hitilafu hiyo imetokea yenyewe, bila aliyeisababisha. Neno *baadaye* halisemi kama ni baada ya dakika moja au siku moja. Adabu ya *tafadhali* inamtwisha mtumiaji kazi ya kujaribu, na haimwambii mtoa huduma atafanya nini. Mtumiaji amesoma Kiswahili safi na bado atalazimika kumtafuta mkalimani, kama ilivyokuwa zama za intaneti kafe.

5. Njeo na Fedha

Tatizo huwa zito zaidi katika huduma za fedha kwa simu, ambazo tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 zimeingia katika maisha ya kila siku ya eneo hili. Zilinganishwe sentensi mbili: *Muamala haujakamilika* na *Muamala haukukamilika*. Kisarufi, *-ja-* ya ukanushi huonyesha kwamba tendo linalotarajiwa halijatimia hadi sasa, lakini mlango uko wazi. *-ku-* ya ukanushi hufunga mlango: tendo lilikuwa na nafasi yake, likashindikana.

Mzazi anayetuma ada ya shule akisoma *haujakamilika*, anayo haki ya kusubiri. Ikiwa mfumo ulikusudia kumwambia kwamba muamala umekufa, anasubiri bure na ada inachelewa. Kinyume chake, akisoma *haukukamilika* wakati muamala bado unashughulikiwa, atatuma tena, na huenda fedha ikaenda mara mbili. Lugha chanzi inaweza kueleza hali zote mbili kwa kauli moja isiyo bayana. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua. Mfasiri aliyepewa orodha ya vipande vya sentensi bila kuonyeshwa mfumo unavyofanya kazi hana msingi wa uchaguzi huo. Orodha ya istilahi, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kumsaidia.

6. Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba lugha ya watumiaji hutofautiana mno kutoka mahali hadi mahali, na kwamba kuifuata ni kuibomoa misingi ya usanifishaji. Hoja hiyo ina uzito: neno *muamala* lenyewe limezoeleka zaidi Tanzania kuliko katika baadhi ya nchi jirani. Hata hivyo, makala haya hayapendekezi *mtandao umekula pesa* iandikwe kwenye kioo cha simu. Yanapendekeza kwamba tofauti ambazo watumiaji huzitambua, kati ya kilichoganda, kinachosumbua, kilichomezwa na kilicholiwa, zitambuliwe pia na mwandishi wa taarifa.

Upanuzi wa Kiswahili unaongeza uzito wa hoja hii. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo. Kwa wengi wa wasomaji hao wapya Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Tofauti ya *-ja-* na *-ku-* ikiachwa ibebe ujumbe peke yake, itawapita.

7. Hitimisho na Mapendekezo

Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda (2019), Rwanda (2021) na Tanzania (2022) zinatambua ridhaa ya mhusika. Ridhaa iliyotolewa kwa sentensi isiyoeleweka ni ridhaa ya jina tu. Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, mabaraza ya lugha na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yapanue kazi yao kutoka istilahi hadi taarifa kamili za huduma muhimu. Pili, mamlaka za mawasiliano na benki kuu zitake kila taarifa ya muamala ulioshindwa ieleze mambo manne: fedha iko wapi, nani anashughulikia, kwa muda gani, na mtumiaji afanye nini. Tatu, taarifa hizo zijaribiwe kwa watumiaji wa kawaida kabla ya kuidhinishwa, kwa kuwaomba waeleze kwa maneno yao wenyewe walichoelewa na watakachofanya. Atakayejibu kwamba pesa yake imeliwa, ilhali mfumo unakusudia kuirudisha baada ya saa chache, atakuwa ameonyesha sentensi inayopaswa kuandikwa upya.