Kaburi na Haki katika Sinema ya "Ida"

"Ida" (2013), sinema ya Paweł Pawlikowski, yasimulia habari za Poland ya mwaka 1962. Anna, msichana aliyelelewa na watawa, akikaribia kuweka nadhiri, aambiwa na Wanda, ndugu wa mama yake, kwamba yeye ni Myahudi na jina lake ni Ida. Wawili hao waenda kijijini kuitafuta mifupa ya wazazi waliouawa wakati wa vita. Kijiji chanyamaza, mwuaji aonyesha kaburi kwa sharti kwamba nyumba ya marehemu isidaiwe. Hivyo kweli yapatikana kwa kuiuza haki. Walakini, kwa kuiita hadithi kwa jina la Ida, mtunzi amemfunika mwenye msiba mzito zaidi: Wanda, hakimu ambaye mwanawe alizikwa humo humo, na mwuaji hakuhukumiwa.